Siku moja na bakteria wasiotaka hewa

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijavaa hata koti la maabara, nachungulia kabati la kioo tunamofugia bakteria wa utumbo. Mle hamna oksijeni, ni naitrojeni, kaboni dioksidi na haidrojeni kidogo, joto nyuzi 37. Chakula chao tunakitia resazurini, dawa inayogeuka waridi hewa ikipenya. Leo chupa mbili ni waridi tupu. Namwaga. Glavu ya kushoto ya kabati ina tundu, na nimeshalisemea mara tatu.

Mimi ni fundi wa maabara. Swali letu kuhusu wenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, na wenye vidonda vya utumbo mpana linasikika jepesi: wale nyuzinyuzi au wasile?

Saa 3:00. Sampuli za kinyesi zimefika. Hapa ni mbio, kwa sababu bakteria Faecalibacterium prausnitzii, tunayemtafuta kuliko wote, hewani hamalizi dakika nyingi. Kwa wagonjwa wengi wa Crohn huwa haba. Harufu? Pua huzoea, nguo hazizoei.

Saa 5:00. Kila sampuli naigawa: chupa moja naitia inulini, nyingine pektini, ya tatu naiacha hivyo hivyo. Nyuzinyuzi hizi mwili wetu hauwezi kuzivunja, wenye uwezo huo ni bakteria. Wakizichachusha hutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa ya butiriki, na hiyo ndiyo riziki kuu ya seli zinazotanda utumbo mpana. Pia husaidia kuipoza kinga ya mwili isiwake ovyo. Ndiyo maana kila mtu anahubiri nyuzinyuzi.

Saa 8:00. Majibu ya chupa za juzi. Ya mtu mzima wa afya: butiriki imepanda vizuri kabisa. Ya mgonjwa ambaye utumbo wake umewaka: inulini ile ile, kipimo kile kile, karibu haijaguswa.

"Kaka, au nilikosea kupima?" mwanafunzi wetu ananiuliza, uso umemshuka.

Tunapima upya. Hajakosea. Hakuna wa kuichachusha, basi. Na kubaki hivyo si salama kwa kila mtu: watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2023 kwamba nyuzinyuzi za jamii ya inulini zisipochachushwa huweza kuchokoza uvimbe kwa baadhi ya wagonjwa. Kwa hiyo mtu akiniambia "kula nyuzinyuzi nyingi, utapona", huwa namuuliza: zipi, na utumbo wa nani?

Saa 9:40. Muuguzi anapiga simu. Mgonjwa mmoja, utumbo umebana kwa makovu, anataka kuanza kula matunda na maganda yake. Namrudisha kwa daktari haraka, maana penye mbano maganda na mbegu huweza kuziba njia.

Saa 11:15. Nabandika utepe kwenye tundu, naingiza chupa mpya. Nakaa nazitazama robo saa nzima. Bado hazijageuka.