Mguu Mmoja Juu, Instow

Siku za kazi mjomba alikuwa fundi wa mafriji. Jumamosi na Jumapili alivaa koti jeupe lililompwaya mabegani, akatia vijiwe sita mfukoni vya kuhesabia mipira sita ya kila ova, akaenda kusimama juani Mombasa kutwa nzima akiamua mechi za kriketi bila kulipwa hata nauli. Na alama zikifika 111, ampaya huyu aliyekuwa hacheki na mtu aliinua mguu mmoja kama korongo, akarukaruka mpaka mkimbio mwingine, yaani alama moja zaidi, upatikane. Sisi watoto tulikwenda uwanjani kwa ajili ya hilo tu. Ukimuuliza, jibu lake moja: "Ya Shepherd hiyo."

Alipofariki sikuwahi maziko. Nilikuwa Bristol, na nauli haikutosha. Kiangazi kilipofika nikaamua kwenda kijijini kwa huyo Shepherd wake, mwamuzi wa kriketi wa Kiingereza.

Gari la moshi mpaka Exeter halina la kusimulia. Linalofuata, la Barnstaple, huenda taratibu likiufuata mto Taw, na kwenye vituo vingine halisimami mpaka abiria aombe. Barnstaple nikapanda basi la Bideford, nikashuka Instow. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashua zimelala ubavu matopeni kama za Tudor kwetu, na ng'ambo ya maji ndiyo Appledore.

Uwanja wa North Devon Cricket Club uko nyuma tu ya matuta ya mchanga. Klabu ni ya mwaka 1823. Banda lake limeezekwa nyasi, nene kuliko makuti yetu, na nilipoliona nilicheka peke yangu: mjomba angetaka kujua huvuja au halivuji.

David Shepherd alizaliwa Bideford, hapo jirani, mwaka 1940. Alikuwa mwalimu, kisha akaichezea timu ya jimbo la Gloucestershire, kisha akawa mwamuzi: mechi 92 za Test, zile ndefu za mataifa, na fainali tatu za Kombe la Dunia, 1996, 1999 na 2003. Mnene, mashavu mekundu, sura ya muuza mikate. Baada ya safari zake zote alirudi Instow hii hii, akimsaidia nduguye kugawa magazeti asubuhi. Imani kwamba 111 ina mkosi ni ya Waingereza, wameibandika jina la Nelson, amiri wao wa jeshi la majini. Shepherd ndiye aliyeifikisha kwenye televisheni, na mjomba akaiokota hapo.

Lakini sidhani ni mguu uliomvuta mjomba. Mwaka 2001, Old Trafford, wapigaji wa Uingereza walitolewa na Pakistani kwa mipira isiyo halali, mguu wa mrushaji umepita mstari, na Shepherd hakuona. Iliposemwa, ilimuuma hata akataka kuacha kazi, watu wakambembeleza. Mjomba aliisimulia habari hiyo kuliko fainali zote tatu. Naye alikuwa na yake. Aliwahi kumtoa binamu yangu, mwanawe wa kumzaa, kwa LBW, yaani kwa kuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga vijiti vya wiketi, na mkewe akamnunia wiki nzima. Siku ya nane, tukiwa mezani, akasema bila kuinua macho: "Ule mpira ulikuwa unakwenda nje." Binamu akamsogezea sahani ya samaki. Ikawa basi.

Mechi ilikuwa inaendelea. Aliyevaa koti upande mmoja alikuwa mchezaji anayengoja zamu yake ya kupiga, maana vijijini waamuzi hawapatikani kirahisi. Nikakaa kwenye benchi karibu na mzee mwenye mbwa. Alama zikapanda polepole: 98, 104, 107. Zilipofika 109 nikasimama. Mzee akanitazama viatu, akanitazama uso, asiulize kitu. Naye akasimama, akimkabidhi mbwa kamba yake mdomoni.

Mikimbio miwili tu. Mrushaji akaja mbio, mpigaji akapiga mguu wa mbele, mpira ukateleza kwenye nyasi kavu mpaka kwenye kamba ya mpaka. Nne. 113.

"Shep angetukana," mzee akasema, akakaa.