Imeandikwa Henry, kumbe ni ya John

Muuzaji wa sarafu za kale aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Imeandikwa HENRICVS REX (Kilatini, yaani Mfalme Henry), basi ni ya Henry. Unataka nini tena?" Kauli hiyo imenikera muda mrefu maana inapoteza wengi. Peni za fedha za msalaba mfupi, yaani sarafu zenye msalaba mfupi upande wa nyuma, ziligongwa Uingereza kuanzia 1180 hadi 1247, na miaka yote hiyo jina halikubadilishwa. Mfalme Henry II alikufa, akaja Richard I, akaja John, kisha Henry III, na zote zinasomeka HENRICVS. John ukitaka kuliona jina lake, tafuta sarafu zake za Ireland.

Kwa hiyo geuza. Nyuma kuna jina la mwenye dhamana ya kuigonga, kisha ON (yaani "wa" au "katika"), kisha mji.

Yangu niliinunua kwenye maonyesho, pauni sabini na kitu. Ni nyembamba, haizidi ukucha wa kidole gumba, na herufi za upande mmoja hazikutoka vizuri kwa sababu nyundo haikutua sawasawa. Mzee mmoja akanishauri niisugue kwa dawa ya mswaki. Nashukuru nilianzia kwenye peni ya Edward I iliyokuwa imepasuka. Weusi uliokaa kwenye mashimo ya herufi kwa karne saba ukatoka wote, fedha ikang'aa kama sufuria mpya, na maandishi yakawa hayasomeki kabisa. Nilikaa nayo kiganjani nikiumia. Msisugue!

Kilichonisaidia ni tochi ya simu. Nilizima taa zote, nikailaza simu mezani ili mwanga upige ubavuni mwa sarafu, nikawa naizungusha polepole. SIMON ikajitokeza mapema. ON pia. Halafu C, nami nikaandika kabisa kwenye karatasi: Canterbury, maana peni za huko huandikwa CANT. Lakini baada ya ile C palikuwa na mstari mmoja tu, umesimama wima. Nikamulika kutoka kulia, nikamulika kutoka kushoto. Mstari ni ule ule mmoja, hauna mwenzake wa kuufanya A, na mbele yake C nyingine. CICE. Chichester!

Moyo ulinienda mbio. Chichester iligonga peni za msalaba mfupi kwa kipindi kifupi tu, katika mageuzi ya sarafu yaliyoanza 1205, John akiwa mfalme. Mizani nayo ilisoma gramu 1.4, uzito wake hasa.

Kikaratasi cha muuzaji nimekitoa. Kwenye bahasha mpya nimeandika kwa penseli: John, Chichester, Simon.