Tope la fosforasi lisigeuzwe dawa ya magugu kienyeji

Siku moja maabara mwalimu wetu alitoa kipande cha fosforasi nyeupe kwenye chupa ya maji, kidogo kama punje ya mahindi, akakishika na koleo, na kabla hajamaliza kuongea kikaanza kufuka moshi mweupe chenyewe bila kiberiti, harufu kama kitunguu saumu. Akakirudisha majini fasta. Tangu hapo nikisikia habari ya tope la fosforasi, taka za viwanda vinavyotengeneza fosforasi, nakiona kile kipande, ila sasa ni bwawa zima.

Iko hivi, jiwe la fosfeti, lenye fosforasi ndani yake, linachanganywa na koki (makaa ya mawe yaliyochomwa bila hewa) na silika (mchanga) afu linapikwa kwenye tanuru la umeme, joto nyuzi 1500 hivi, fosforasi inapanda kama mvuke na inapoozwa kwa maji. Chini yanabaki mavi ya tanuru, tani 7 au 8 kwa kila tani ya fosforasi, hayo angalau yana matumizi kwenye saruji na barabara. Balaa ni tope. Mvuke unapanda na vumbi, vumbi linashikana na maji na matone ya fosforasi linakuwa uji mzito ambao hautengani hata ukiuacha utulie, na ukikauka unawaka.

Sasa angalia glaifoseti, kiuagugu alichokigundua John Franz mwaka 1970 kikaingia sokoni 1974. Asilimia 18 ya uzito wake ni fosforasi, na inatoka kwenye tanuru hilohilo, inakutanishwa na klorini kwanza ndo baadaye iungwe kwenye dawa. Pale Soda Springs, Idaho, Marekani, kuna kiwanda kinachotoa fosforasi kwa ajili hiyo kabisa. Yaani tunachimba jiwe jipya wakati fosforasi imelala kwenye tope, inaniuma sana. (Mjadala wa glaifoseti na saratani upo, IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, 2015 waliiweka kundi 2A, yaani huenda inasababisha saratani kwa binadamu, leo naongelea taka.)

Ila wanaosema chukua tope, pika moja kwa moja, uza dawa, hapana jamani. Aseniki iko safu moja na fosforasi kwenye jedwali la elementi, tabia zinafanana, kwa hiyo tanuruni inapanda nayo, na kwenye vumbi kuna kadimiamu na risasi pia. Tope likikaa kiwandani unajua sumu iko wapi, ukishaligeuza dawa kuna mtu analibeba mgongoni kwenye bomba anapulizia shamba lote, upepo ukigeuka linamrudia usoni. Na ukilipika na chokaa au magadi makali inatoka gesi ya fosfini, hiyo inaua.

Mi naona fosforasi itolewe kwanza kwenye tope kwa kuikeneka bila hewa, yaani kuichemsha iwe mvuke na kuupooza, isafishwe aseniki, ipimwe, ndo iingie kwenye dawa kama fosforasi nyingine yoyote. Ni gharama, najua, ila hiyo kazi inafanyika tanuru likiwa bado linawaka, mafundi wapo na mitambo ipo. Kiwanda cha fosforasi cha FMC karibu na Pocatello, Idaho, kilifungwa 2001 na fosforasi bado iko ardhini, kampuni ya fosforasi ya Thermphos kule Vlissingen, Uholanzi, ilifilisika 2012 ikaacha fosforasi kwenye matangi na mabomba, na kiwanda kikishafungwa hivyo hakuna tena anayewaza dawa ya magugu, watu wanahangaika tu isishike moto.