Kazi yangu ilivyopenya foleni ya klasta

"Dogo, kwenye klasta omba RAM nyingi na muda mrefu uwezavyo, usije ukakatiwa kazi katikati." Ushauri huu kuhusu klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa ambazo watu wanazitumia kwa foleni, nimeusikia kwa watu wengi, na kila ninapousikia napandwa na hasira. Kaka aliyenipa kwanza alinigawia na skripti yake kabisa: RAM GB 250, CPU 32, siku saba. Data yangu ilikuwa ya mbu, Anopheles gambiae, sampuli 96 za kulinganisha na jenomu (DNA nzima) ya rejea kwa programu ya bwa kisha kuzipanga kwa nyingine, samtools. Jenomu ya mbu huyo haifiki herufi milioni 300, ya binadamu ni kama bilioni tatu. GB 250 za nini, sasa?

Nikatuma kwa sbatch, amri ya kuingiza kazi foleni, nikapewa namba ya kazi. Nikiangalia squeue, amri ya kuonyesha foleni, PD, yaani bado inasubiri. Kesho yake, PD. Wiki ikakata, PD ile ile, na msimamizi wangu anauliza matokeo. Kwenye safu ya mwisho paliandikwa Priority, baadaye pakageuka Resources. Mwenzangu mmoja alipoona Resources kwenye kazi yake alidhani ni kosa, akaifuta kwa scancel na kuituma upya. Msifanye hivyo jamani! Priority maana yake kuna watu mbele yako. Resources maana yake umeshafika mbele, unasubiri nafasi itoke. Na kwenye klasta nyingi muda uliokaa foleni unakuongezea pointi, kwa hiyo ukifuta unarudi mkiani.

Nilichofanya ni kuacha kuuliza watu nikasoma maelezo ya Slurm yenyewe. Slurm ndiyo inayopanga foleni kwenye klasta yetu na nyingine nyingi duniani, ilianzia maabara ya Lawrence Livermore kule Marekani mwaka 2002. Utamu wake uko hapa. Kazi kubwa ikiwa mbele inasubiri nodi (kompyuta moja moja za klasta) ziachiwe, mpangaji wa foleni, yaani Slurm, anajua takriban zitaachiwa lini, kwa sababu kila mtu ametaja muda wake. Akiona kazi ndogo inayoweza kuanza na kuisha kabla ya saa hiyo, anaiingiza hapo katikati bila kumchelewesha mkubwa. Bodaboda hiyo, inapenya kati ya malori. Ukiomba siku saba umejigeuza lori kwa hiari yako.

Basi nikachukua sampuli moja tu, nikaiombea kidogo, CPU 8 na GB 16. Ilipoisha nikaandika seff, amri inayotaja kazi ilitumia RAM na muda kiasi gani, na namba ya kazi. GB 9 hazikufika! Na humo mlaji mkubwa wala si bwa, ni samtools sort, ambayo usipoiambia kitu inajichukulia MB 768 kwa kila uzi (thread), yaani kila tawi la kazi linaloenda sambamba na mengine. Muda nao, saa moja na ushee. (Seff isubiri kazi iishe, kabla ya hapo inakudanganya. Na usikate kamba fupi sana, Slurm hupima RAM kwa vipindi, kilele cha ghafla kinaweza kuipita. Ongeza robo hivi.)

Halafu nikagundua sbatch --test-only. Haitumi kazi, inakutajia tu ingeanza lini. Nilicheza nayo jioni nzima kama mtoto. Skripti ya kaka: wiki ijayo. Nikashusha RAM hadi GB 12: keshokutwa. Nikashusha muda hadi saa tatu: usiku ule ule. Ni makadirio, sawa, lakini nilicheka peke yangu.

Sampuli zote nikazituma kwa mpigo mmoja, --array=1-96%12, yaani zisizidi kumi na mbili kwa wakati mmoja, maana diski ni ya wote na sitaki kusemwa. Kila moja inajichukulia mstari wake kwenye orodha ya mafaili kwa sed, amri ya kuchomoa mstari, na SLURM_ARRAY_TASK_ID, yaani namba yake kati ya zile 96. Umeme ukakatika mtaani, laptopu ikazima, nikalala zangu. Kazi ikishaingia foleni haikuhitaji tena. Barua pepe unaipata kwa --mail-type=END,FAIL, kwa hiyo wale mnaoacha watch, amri ya kurudia amri nyingine, inapiga squeue kila sekunde, mnaichosha seva ya wote na mnamaliza bando lenu la buku mbili bure.

Asubuhi kazi tatu zilikuwa zimekufa, OUT_OF_MEMORY, yaani RAM haikutosha; sacct, amri ya kumbukumbu za kazi, ilizitaja. Hizo zilikuwa na data nyingi kuliko wenzake. Sikugusa skripti, nilituma namba hizo tatu peke yake na kuongeza --mem=24G kwenye amri, kwa kuwa unachoandika kwenye amri kinashinda kilichomo ndani ya skripti. Kabla ya chai ya saa nne zikawa zimeisha.

Kaka aliposikia aliniomba skripti, nikampa. Yeye anashughulika na data ya binadamu, akaituma kama ilivyo, GB 12 zile zile, na anwani yangu ya barua pepe hakuibadilisha. Sasa kazi zake zikifa najua kabla yake.