Nilivyoacha kusubiri aidia nikaanza kuchafua karatasi kwanza

Nachora tangu mdogo ila kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa kunakili tu, yani nipe picha ya mtu, nipe picha ya ua, nakutolea kitu mpaka vivuli vinalingana. Lakini ukiniambia chora chochote kutoka kichwani hapo nimekwisha. Nakaa na karatasi nyeupe saa nzima, kichwa kimefunga, mwisho naishia kuchora jicho, jicho lilelile na kope zake ndefu. Nina daftari zima la macho na watu walikuwa wanalisifia sana, mi nikawa naumia kimoyomoyo kwasababu najua hakuna changu mule.

Sa siku moja nikapiga kikumbo chupa ya wino ikamwagikia karatasi nzito ya rangi za maji, ile niliyokuwa naitunza kwa kazi maalum. Kwa haraka nikaikunja katikati ili wino usifike mezani. Nilipoifungua nikakuta doa limejichapa pande zote mbili, na upande mmoja kulikuwa na kitu kama mnyama mzee ameinama anakunywa maji. Nilimwona kabisa! Nikachukua kalamu nikamwekea jicho, nikafuata mgongo, pale wino ulipochuruzika nikapafanya ndevu, na saa mbili baadae nilikuwa na picha ya kwanza maishani mwangu ambayo sikuinakili popote. Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha.

Nikaanza kusoma nijue imekuaje, nikakuta ni kitu kinajulikana. Ubongo wetu una tabia ya kutafuta sura na miili hata pasipo nayo, ndo maana tunaona watu kwenye mawingu, wanaita pareidolia. Na wachoraji wamelitumia hilo zamani sana. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa zamani wa Italia, alikuwa anawashauri wachoraji waangalie kuta zenye madoa na mawe yaliyochanganyika rangi, eti humo utaona milima, vita, nyuso. Uingereza miaka ya 1780 kulikuwa na mchoraji Alexander Cozens aliyefundisha kabisa kutunga mandhari kwa kuanzia na madoa ya wino. Max Ernst nae, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani, mwaka 1925 aliweka karatasi juu ya mbao za sakafu akasugua na penseli, mistari ya mbao ikamtolea misitu na ndege. Niliposoma hayo nilifarijika mno, kumbe kukaa kusubiri aidia ishuke yenyewe sio njia pekee, unaweza ukaanza na mkono na kichwa kikafuata nyuma.

Kwaiyo nikaanza kufanya kila jioni. Karatasi ukiilowesha kwanza rangi inatambaa inatoa ukungu na mawingu, ikiwa kavu doa linakuwa na kingo kali zinazofaa majabali na wanyama. Ukinyunyizia chumvi rangi ikiwa bado mbichi zinatokea nyotanyota, ukilaza plastiki laini iliyokunjamana juu yake ukaacha ikauke unapata mipasuko kama ya barafu. Kwa kusugua tumia karatasi nyembamba na penseli laini, mimi napenda 6B, unailaza ubavu juu ya gome la mti, jani upande wenye mishipa, au gunia. Alafu hapa ndo wengi wanakosea na mi nilikosea: usikimbilie kulipa doa jina. Kitu cha kwanza unachokiona mara nyingi ni kile ulichozoea, mimi kila doa nilikuwa naliona jicho. Geuza karatasi pande zote nne, isimamishe mbali, finya macho, ondoka kabisa urudi kesho yake.

Baada ya kama mwezi nikakwama tena. Mazimwi niliyokuwa nayatoa kwenye madoa yote yakawa ndugu, miguu ileile, mgongo uleule. Hapo nikaelewa kwamba doa linakuamsha tu, kinachoamka ni ulichoweka akiba kichwani, na akiba yangu ilikuwa ndogo sana kwasababu miaka yote nilikuwa nanakili bila kuangalia. Mfano mguu wa nyuma wa mbwa. Nilikuwa nauchora kama goti limekunjikia nyuma, kumbe pale panapopinda nyuma ni kisigino, mbwa anatembea kwa vidole na goti lake liko juu karibu na tumbo. Ndege hivohivo. Nilipojua hilo viumbe vyangu vyote vya kubuni vikasimama, hata wenye miguu sita. Leonardo tena ndo aliandika kwamba ukitaka mnyama wa kubuni aonekane wa kweli kila kiungo chake kifanane na cha mnyama aliyepo, kichwa cha mbwa, macho ya paka, shingo ya kobe.

Kwahiyo zoezi nililoliongeza ni hili, naangalia kitu dakika mbili bila kushika penseli, nakigeuzia mgongo, nachora, alafu nakirudia kuona nilipodanganya. Linachosha kweli ila sijaona linalojaza kichwa kama hilo. Na mwanga ukinishinda nafinyanga kile kiumbe kwa udongo hovyohovyo tu, nakimulika na taa moja nione kivuli kinaangukia wapi. Tintoretto, mchoraji wa zamani wa Venice huko Italia, alikuwa anafanya hivohivo na vinyago vidogo vya nta na udongo, anaviweka kwenye kisanduku anavimulika. Rangi sina mengi ya kusema, natumia mbili tatu basi, zikizidi zinanipoteza.

Sasa nina ukuta mmoja nabandika karatasi zilizochafuka ambazo bado hazijaniambia kitu. Kuna moja imekaa pale wiki nyingi, mi naona mawe tu na nilishaanza kufikiria kuitoa. Juzi mtoto wa dada yangu, ana miaka mitano, kapita kasimama mbele yake akaniuliza mjomba huyu mama amebeba nini? Nikamwambia nionyeshe, akapitisha kidole chake taratibu, bega hili hapa, kichwa kimeinama, mzigo uko mgongoni. Tangu hapo nikiangalia simwoni mwingine ila yule mama. Ndo naichora wiki hii, sura nimemaliza, nimefika kwenye mikono inayoshika mzigo na kila jioni nasimama mbele ya kioo na begi mgongoni nione vidole vinavyokaza.