Abigaili Alipakia Punda Kwanza

Neno la juma hili: "Heri wapatanishi; maana hao wataitwa wana wa Mungu" (Mathayo 5:9).

Wapendwa, wapo kati yetu wanaodhani wameutimiza mstari huu kwa sababu hawana ugomvi na mtu. Mabishano yakizuka wanainuka na kuondoka, wakiumizwa wanameza. Lakini chuki hukaa miaka mingi chini ya kimya cha namna hiyo. Bwana wetu anamtaja mtu aliye kazini, na kazi hiyo humgharimu.

Someni 1 Samweli 25. Vijana wa Daudi wameomba chakula, Nabali, mtu tajiri, amewanyima na kuwatukana juu yake. Daudi anakuja na watu 400 wenye panga. Wengine 200 wamebaki kulinda vyombo. Abigaili, mkewe Nabali, anapakia juu ya punda mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha kutayarishwa, vipimo 5 vya bisi (nafaka iliyokaangwa), vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini. Anawatanguliza watumishi na mizigo hiyo, kisha anafuata. Kwa hiyo kabla Daudi hajasikia neno lolote la kumtuliza, ameshaona kile watu wake walichonyimwa. Ndipo Abigaili anashuka, anainama, na kuomba lawama iwe juu yake. Aliporudi nyumbani usiku alimkuta mumewe amelewa. Hakumwambia neno mpaka asubuhi, divai ilipokuwa imemtoka. Wengi wetu tungemwamsha saa ile ile, na tungeharibu.

Tuje kwetu. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anamtuma yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake: aiache sadaka, aende kwanza. Katika Mathayo 18:15 anamtuma aliyekosewa. Ukiyaweka maandiko haya pamoja, habaki mtu mwenye ruhusa ya kukaa akisubiri mwenzake aanze.

Ukienda kuomba radhi, litaje kosa lenyewe: "Jana nilikukatiza mbele ya watu na kukuita mwongo." Maneno kama "samahani kama nimekukwaza" hayafai, kwa sababu yanamwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Neno "lakini" nalo lifunge kabisa, maana likitoka, radhi inageuka kuwa utetezi. Muulize jambo hilo limemletea madhara gani, umsikilize hadi mwisho bila kusahihisha tarehe wala maneno yake. Palipo na deni au uharibifu, sema utalipa nini na lini. Zakayo, mtoza ushuru, alitaja kipimo wazi kwa aliowadhulumu, mara nne (Luka 19:8). Kisha omba msamaha, na usidai jibu papo hapo. Haya yote ni bora yafanyike uso kwa uso. Ujumbe wa simu hauna sauti, na aliyeumia huusoma kwa sauti ya maumivu yake.

Kupatanisha watu wawili ni kugumu zaidi. Mithali 26:17 inamfananisha anayejiingiza katika ugomvi usio wake na mtu amshikaye mbwa masikio, basi pata kwanza ridhaa ya wote wawili. Msikilize kila mmoja peke yake, ukikumbuka Mithali 18:17: anayejieleza kwanza huonekana kuwa na haki mpaka mwenzake aje. Yale uliyosikia upande mmoja usiyapeleke upande wa pili. Hapo ndipo wapatanishi wengi wema huanguka, maana hubeba maneno kwa nia njema na kuzalisha kesi mpya. Mkikutana pamoja, kila mmoja aseme bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Msiachane kwa "tumeyamaliza" tu. Semeni nani atafanya nini, na lini. Baada ya wiki mbili hivi, rudi uulize.

Jihadharini na amani ya haraka. Yeremia 6:14 inawakemea walioponya jeraha la watu kwa juujuu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani. Mtu aliyepigwa au kutishiwa maisha asisukumwe kukaa meza moja na aliyemtesa kwa jina la msamaha. Usalama wake utangulie, na vyombo vya sheria vifanye kazi yao. Tena, maombi ya kikundi yasigeuzwe njia ya kusambaza siri: "tumwombee fulani, ana shida na mkewe" ni umbea uliovaa kanzu. Palipo haja ya mashahidi, Mathayo 18:16 inataja mmoja au wawili, na heri wawe watu ambao hata upande wa pili unawaamini.

Na mwenzako akikataa kupatana? Warumi 12:18 inaweka mpaka: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Upande wako ni kuendelea kumsalimu, kutomsema vibaya, kumwombea kwa jina, na kutofunga mlango. Paulo na Barnaba walishindana, kwa kuwa Paulo hakutaka kumchukua Marko safarini, hata wakatengana, kila mmoja akashika njia yake (Matendo 15:39). Biblia haisimulii kikao chochote cha kuwasuluhisha. Lakini miaka baadaye, akiwa kifungoni, Paulo anamwandikia Timotheo amtwae Marko aje naye, kwa kuwa anamfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11).