Nani Amemshika?

Jana tulipeleka mahari ya mdogo wangu Tanga na kila kitu kilikwenda salama, lakini njia nzima kwenye basi nilikuwa nikiyarudia maneno ya Jumatano ya yule binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo.

Programu yangu ya kompyuta inayosoma uzito wa magunia kwenye mizani nimeiandika kwa lugha ya C#, ilhali maktaba, yaani msimbo uliokwisha tengenezwa, inayozungumza na mizani yenyewe ni ya lugha nyingine, C. Gunia likitulia, C huita delegeti niliyoikabidhi, yaani kitu cha C# kinachomwonyesha kazi yangu ya kuita, nami napata kilo zake. Magunia arobaini hivi yalikuwa yakipita vizuri, kisha programu inazimika ghafla bila ujumbe wowote wa kosa. Kwa siku tatu nililaumu waya, nikalaumu na umeme.

Alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, akasoma mstari ambamo niliiunda delegeti ndani ya mabano yale yale ya kuikabidhi, bila kuihifadhi kwingine.

"Samahani kaka, huyu delegeti akishakwenda C, huku kwetu nani amemshika?"

"C amemshika," nilijibu upesi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa.

"C ana anwani tu, kaka. Mkusanya taka haoni ya huko."

Ofisi nzima iliacha kuchapa, au mimi ndiye niliyesikia hivyo. Alikuwa sahihi: mkusanya taka, ile sehemu ya mfumo wa C# inayofuta kwenye kumbukumbu vitu visivyohitajika tena, hufuatilia marejeo ya upande wetu wa C# peke yake, na kwa kuwa hakuona mtu anayeihitaji delegeti ile, aliifagia, na gunia lililofuata C akabisha hodi kwenye nyumba iliyokwisha kubomolewa. Nilipojaribu kwa magunia matatu programu haikuanguka kamwe, kwa sababu kumbukumbu ilikuwa haijatumika kiasi cha kumwamsha mfagiaji.

Dawa ilikuwa mstari mmoja: kuihifadhi delegeti upande wetu, kwenye sehemu ya klasi (kifungu cha programu) inayodumu hadi mizani ifungwe. Alhamisi yalipita magunia mia sita.

Jioni hiyo alinifuata tena, akauliza kama hatupaswi pia kuifunga isihame, maana mkusanya taka huhamisha vitu ndani ya kumbukumbu. Hilo nililijua. Nilimweleza kwamba anachopewa C ni kipande kidogo cha msimbo cha kupitishia mwito, ambacho hakihamishwi, hivyo kuishika kunatosha. Aliandika kwenye daftari lake neno kwa neno, nami nikajikuta nikimnunulia maandazi.